Matembezi ya Siku Moja Mlimani: Cheti Hakitoshi, Mpango Unahitajika

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, makundi ya Watanzania huelekea Moshi kwa ajili ya Mlima Kilimanjaro, kuienzi siku ambayo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni mwaka 1961. Baadhi yao hulenga kilele chenyewe, kilicho mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, safari inayochukua siku tano au zaidi. Wengine, kwa sababu ya muda, gharama au afya, huchagua matembezi ya siku moja: huingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kwa lango la Marangu asubuhi, hupanda msituni hadi vibanda vya Mandara, hula chakula cha mchana, kisha hurudi kabla ya jua kuzama. Vikundi vya kazini, vya shule na vya nyumba za ibada hufanya hivyo nyakati nyingine za mwaka pia.

Makala haya yanahusu kundi hilo la pili. Wanaokwenda kileleni huandaliwa kwa siku kadhaa, hupewa orodha ya vifaa, na hufuatana na wapagazi na wapishi. Anayekwenda kwa siku moja huonekana kama anayekwenda pikiniki. Iwapo atafika kwetu kliniki, hufika siku moja au mbili kabla ya safari na ombi fupi: “Daktari, naomba cheti, keshokutwa tunapanda mlima.” Tunapima shinikizo la damu, tunasikiliza moyo na mapafu, tunasaini. Au tunaona tarakimu isiyotupendeza na kumwambia asiende. Kwa vyovyote, mazungumzo yameisha ndani ya dakika tano.

Hoja yangu ni kwamba majibu yote mawili, “nenda” na “usiende”, hayamtoshi mgonjwa. Usalama wa matembezi ya siku moja hutegemea zaidi mpango wa siku hiyo kuliko namba iliyosomwa kwenye mashine asubuhi ya juzi. Kuuandaa mpango huo pamoja na mgonjwa ni kazi ya kitabibu, na ni sisi wahudumu wa afya tunaopaswa kuifanya.

Mlima hufanya nini kwa mwili

Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni takribani asilimia 21, tuwe Dar es Salaam au Kibo. Kinachopungua tunapopanda ni mgandamizo wa hewa, na hivyo kiasi cha oksijeni kinachoingia mwilini kwa kila pumzi. Lango la Marangu lipo chini kidogo ya mita 1,900. Mandara ipo karibu mita 2,720, ambako mgandamizo hukaribia robo tatu ya ule wa pwani. Horombo, kituo kinachofuata, kipo karibu mita 3,720, na hapo mgandamizo hukaribia theluthi mbili. Kileleni ni takribani nusu.

Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi na kuongeza mapigo ya moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, jibu hilo linatosha kabisa kwa Mandara. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, moyo dhaifu, au mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha zamani, akiba iliyokuwa ikimtosha nyumbani inaweza kuisha katikati ya mteremko.

Ugonjwa wa mwinuko, unaoanza kwa maumivu ya kichwa yakiambatana na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, hutokea zaidi juu ya mita 2,500, na kwa kawaida dalili zake huanza saa kadhaa baada ya kufika. Anayepanda Mandara na kushuka siku hiyohiyo huwa ameshuka kabla ugonjwa haujapata nafasi. Kwa sababu hiyo, kumwandikia kila mtu asetazolamidi kwa ajili ya matembezi ya siku moja hadi Mandara ni kutibu hatari iliyo ndogo na kuziacha zilizo kubwa.

Hatari zilizo kubwa ni tatu: giza, mvua na ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla hajafika langoni.

Hesabu ya saa

Giza ni hatari inayoweza kuhesabiwa tangu nyumbani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka lango la Marangu hadi Mandara ni takribani kilomita 8, na mwinuko huongezeka kwa zaidi ya mita 800. Kwa kanuni hiyo ni kama saa tatu za mwendo bila kupumzika. Kwa kundi lenye watu wa umri mchanganyiko, wasio na mazoezi, tuhesabu saa nne. Kushuka ni saa mbili na nusu hadi tatu, kwa maana magoti yaliyochoka hayana haraka.

Kwa hiyo kundi lililoanza saa 2:30 asubuhi litafika Mandara saa 6:30 mchana. Likipumzika kwa nusu saa na kuanza kushuka saa 7:00, litakuwa langoni karibu saa 10:00 jioni, likiwa limebakiwa na saa mbili za mwanga kwa ajili ya lolote: kifundo cha mguu kilichoteguka, mvua, au mwenzao anayehitaji kushuka taratibu akiwa ameshikwa mkono. Kundi hilohilo likichelewa Moshi kwa ajili ya chai na picha, likaanza kupanda saa 5:00 asubuhi, litafika Mandara saa 9:00 alasiri na kutoka msituni giza likiingia. Hakuna kilichobadilika katika afya za watu hao isipokuwa saa ya kuanza.

Kutokana na hesabu hiyo, pendekezo langu la kwanza kwa kila anayepanga matembezi haya ni kuweka saa ya kugeuka kabla ya kuweka jambo lingine lolote. Saa 7:00 mchana inafaa. Ikifika saa hiyo, kundi linageuka popote lilipo, hata kama Mandara imebaki dakika ishirini. Saa hiyo itangazwe usiku uliotangulia, wakati kila mtu ametulia, kwa sababu mtu aliyekwisha kuona paa za vibanda hawezi tena kuamua kwa busara.

Hesabu hiyohiyo inatueleza kwa nini Horombo si matembezi ya siku moja kwa mtu asiyezoea. Kutoka langoni ni karibu kilomita 20 kwenda peke yake, na kupanda zaidi ya mita 1,800. Kanuni ya Naismith inatupa saa saba za kupanda bila kupumzika. Aliyeanza saa 2:00 asubuhi atafika saa 9:00 alasiri, akiwa na kilomita 20 za kurudi na saa tatu au nne tu za mwanga.

Mvua na baridi

Joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kati ya Moshi mjini na Mandara kuna tofauti ya karibu mita 1,800, yaani nyuzi kama 12. Mchana wa nyuzi 28 Moshi unaweza kuwa wa nyuzi 16 Mandara, kabla hatujaongeza upepo na mvua. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaopata mvua nyingi zaidi, na ukanda wa msitu ambamo njia ya Marangu hupita ndio wenye unyevu mkubwa. Masika ni Machi hadi Mei. Vuli huja mwishoni mwa mwaka, wakati uleule wa safari nyingi za Desemba.

Fulana ya pamba na suruali ya jinzi vikishalowa hupoteza karibu uwezo wote wa kutunza joto, na haviwezi kukauka msituni. Aliyelowa, aliyechoka na ambaye hajala anaweza kupata mshuko wa joto la mwili hata pale ambapo hakuna barafu. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kuwa mzito wa ulimi, kujikwaa na kukataa kuongea. Wenzake hudhani amenuna. Mtu huyo avuliwe nguo mbichi, avishwe kavu, akingwe na upepo, apewe kinywaji cha moto chenye sukari, kisha ashushwe. Asipewe pombe, kwa maana hutanua mishipa ya ngozi na kuzidi kupoteza joto.

Basi mkoba wa kila mtu, hata kama asubuhi ni ya jua kali, uwe na koti la mvua, sweta ya sufu au ya kitambaa chepesi kisichoshika maji, soksi za akiba, tochi yenye betri mpya, chakula cha kutosha na lita mbili hadi tatu za maji. Maji hayo yanywewe kwa kufuata kiu, kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye chumvi. Anayejilazimisha kunywa lita nyingi kwa muda mfupi anaweza kushusha kiwango cha chumvi katika damu, hali ambayo nayo ni hatari.

Jua pia halipungui kwa sababu ya ubaridi. Mionzi yake inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mwenye ualbino anayetaka kupanda avae kofia pana, mikono mirefu na miwani, na apake losheni ya kukinga jua tena baada ya saa mbili, hata penye mawingu.

Mfano wa mgonjwa

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama wa miaka 52, mwalimu, mwenye kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu. Anatumia glibenklamidi, metformini na amlodipini. Kwa miaka mitano tumemhimiza afanye mazoezi. Sasa walimu wenzake wanakwenda Marangu, naye anakuja kutuuliza. Tukimkataza, tumempokonya jambo lilelile tulilomwomba afanye. Tukimsainia cheti na kumwacha aende, hizi ndizo hatari ambazo hakuna aliyemweleza.

Ya kwanza ni sukari kushuka. Glibenklamidi huendelea kusukuma kongosho kutoa insulini hata pale misuli inapotumia sukari kwa wingi. Saa nne za kupanda zinaweza kumfanya atokwe na jasho la baridi, atetemeke na achanganyikiwe, dalili ambazo mlimani hufanana na uchovu au ubaridi. Daktari wake ndiye anayepaswa kupanga dozi ya siku hiyo. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe, na asiachwe bila maelekezo. Apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Ale kitu kidogo kila saa, ndizi au mkate, awe na glukosi mfukoni badala ya kwenye mkoba uliobebwa na mwingine, na mwenzake mmoja ajue la kufanya. Usiku wa siku hiyo sukari inaweza kuendelea kushuka, kwa hiyo apime kabla ya kulala.

Ya pili ni miguu. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa amepoteza hisia za nyayo bila kujua. Lengelenge ambalo mwenzake angelisikia baada ya dakika kumi, yeye hulitembelea kilomita nane. Kidonda kidogo cha namna hiyo ndicho mwanzo wa vidonda vinavyotuletea wagonjwa wodini kwa ajili ya kukatwa vidole na miguu. Kwa hiyo kabla ya cheti, tumvue viatu na kupima hisia za nyayo. Asiyesikia mguso asipewe njia ya mawe ya siku nzima. Anayesikia aende na viatu alivyokwisha kuvivaa kwa wiki kadhaa, kamwe visiwe vipya, na akague miguu yake wakati wa mapumziko na tena jioni.

Ya tatu ni shinikizo la damu. Mwinuko huliongeza kidogo, na kupanda huliongeza zaidi. Dawa zake zisiachwe siku ya safari. Likiwa 180 kwa 110 au zaidi, safari iahirishwe hadi litakapodhibitiwa. Na iwapo anatumia dawa za kuondoa maji mwilini, au zile zinazopunguza mapigo ya moyo kama atenololi, aambiwe mapema kwamba atakauka maji haraka zaidi au kwamba moyo wake hautakimbia kadiri ya wenzake, ili asiwafuate kwa mwendo wao.

Mama huyu akija wiki sita kabla, tunaweza kumwandaa: kutembea nusu saa kila siku, kisha saa moja, kisha saa mbili kwenye kilima kilicho karibu na kwake akiwa na mkoba mgongoni. Asiyeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama au bila maumivu ya kifua bado hajawa tayari, na dalili hiyo yenyewe inahitaji uchunguzi iwe ana safari au hana. Ndiyo sababu ninasema kwamba ombi la kupanda mlima ni nafasi adimu ya tiba. Mgonjwa amekuja mwenyewe, ana tarehe, ana lengo, na kwa mara moja yu tayari kutusikiliza.

Wanaohitaji jibu jingine

Wapo ambao jibu lao ni kutokwenda juu, nao wanastahili kuelezwa sababu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Kwa mwenye ugonjwa huo kamili, upungufu wa oksijeni, ubaridi, kukauka maji na kazi nzito, kila kimoja peke yake kinaweza kuamsha maumivu makali, na njia ya Mandara huviweka vyote pamoja. Ninashauri asipande. Mwenye kurithi vinasaba vya selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida hupanda salama hadi Mandara. Lakini ajue kwamba maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kushoto yanaweza kuwa ya wengu, na kwamba akiyapata anatakiwa kushuka na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miezi ya karibuni, mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo, anayeishiwa pumzi akiwa ameketi, na mwenye homa ambayo haijachunguzwa, hawa pia wabaki chini. Homa siku ya safari ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo, na mlimani maumivu yake ya kichwa yatachanganywa na ya mwinuko. Mjamzito azungumze kwanza na anayemhudumia. Mwenye pumu iliyotulia aende, lakini dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni kwenye joto la mwili.

Kumkataza mtu si lazima kumnyima matembezi. Marangu ina maporomoko ya Kinukamori, nje ya hifadhi na chini sana ya Mandara. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina njia ya maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170, ambako mwinuko si tatizo, ingawa joto na unyevu vyataka maji zaidi na mwendo wa polepole. “Usiende kule, nenda hapa” ni jibu ambalo mgonjwa hulifuata kwa moyo mweupe kuliko “usiende”.

Kuna safari moja ambayo ningependa wahudumu waiulizie kwa jina, nayo ni ile ya uwanda wa Shira, upande wa magharibi wa mlima. Huko gari huweza kumfikisha mtu karibu na mita 3,500 baada ya saa chache tu tangu kuondoka Moshi. Kwa kuwa kutembea kwenyewe ni kufupi, huuzwa kama safari nyepesi inayofaa wazee. Mapafu hayajui kama mtu alipanda kwa miguu au kwa gari. Mgonjwa wa moyo, mwenye selimundu na mwenye upungufu mkubwa wa damu wanaweza kuathirika wakiwa wamekaa kwenye kiti.

Nini kiandikwe badala ya cheti

Ninapendekeza kwamba mhudumu, awe daktari, tabibu au muuguzi, aulize maswali matano na kuyaandika majibu katika karatasi moja atakayoondoka nayo mgonjwa. Unakwenda wapi hasa, na mwinuko wake ni mita ngapi? Mtaanza saa ngapi na mtageuka saa ngapi? Una ugonjwa gani na unatumia dawa gani, na dozi ya siku hiyo ni ipi? Nani katika kundi anajua hali yako? Dalili gani zitakufanya ushuke bila kujadiliana?

Swali la nne ndilo wagonjwa wengi hawapendi. Watu huficha kisukari na kifafa kwa wenzao wa kazini, na zipo sababu. Lakini kwenye njia ya msituni ambako simu isitegemewe, mtu pekee wa kumsaidia ni aliye karibu. Amwambie mmoja tu anayemwamini, na amwambie mwongozaji. Kanuni za hifadhi zinataka kila anayepanda Kilimanjaro afuatane na mwongozaji aliyesajiliwa. Anajua njia, amewaona wengi wakizidiwa, na anapoambiwa ukweli asubuhi huweza kupanga mwendo wa kundi ipasavyo. Kumficha habari ni kumlipa mtu kisha kumfunga macho.

Kwa wanaopanga safari za vikundi, naongeza moja. Asiye na nguvu sana atangulie mbele na mwendo uwe wake. Akiachwa nyuma, kila wanaposimama kumsubiri wao hupumzika, naye akifika wanaondoka, hata yeye peke yake asipate kupumzika kabisa. Kila anayeshuka kabla ya wengine ashuke na mwenzake. Na viongozi watamke mapema, mbele ya wote, kwamba atakayerudi hatachekwa, kwa sababu aibu huwafanya watu wanyamaze hadi wanapoanguka.

Pingamizi mbili

Nitaulizwa: je, wakazi wa Marangu hawakupanda msitu huo tangu enzi za mababu bila karatasi ya daktari? Walipanda, na wanapanda. Wanaishi kwenye mwinuko wa juu kuliko pwani, hutembea miteremko hiyo tangu utotoni, na huijua mvua yake kabla haijanyesha. Mtumishi wa ofisini aliyefika kwa basi jana jioni kutoka Dar es Salaam hana hata kimoja kati ya hivyo. Karatasi inamfidia kile ambacho mwenyeji alikipata kwa kuzaliwa hapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hutoka kwa wenzangu: kliniki zimejaa, mhudumu mmoja ana wagonjwa kadhaa wanaosubiri nje, na nani atakuwa na muda wa kuzungumzia matembezi? Jibu langu ni kwamba maswali matano huchukua dakika kumi, na mengi yanaweza kuulizwa na muuguzi wakati mgonjwa anapimwa. Kidonda cha mguu wa kisukari huchukua miezi. Aidha, wengi wa wanaouliza habari za mlima ni wagonjwa wetu wa kila mwezi, ambao tutawaona tena wakija kuchukua dawa. Mazungumzo yanaweza kuanza mwezi huu na kumalizika ujao.

Nawaomba basi wagonjwa wasije na ombi la cheti keshokutwa ikiwa ni safari. Njooni wiki sita kabla, mkiwa na jina la njia na majina ya dawa zenu. Nawaomba wahudumu wenzangu, mgonjwa anapotaja mlima, tuweke kalamu chini kabla ya kusaini, tumwombe avue viatu, na tumuulize atageuka saa ngapi.